Kodi ya Vidole

Vidole kumi vya chuma vilikuwa vikikimbia kichwani mwa bibi harusi, vikimsuka nywele, na mwenye navyo, Subilaga Mwakatobe, wala hakuvitazama. Alikuwa anabishana na wateja wake habari za mahari. Vidole vyenyewe vilijua pa kugawa, pa kukaza na pa kulegeza ili bwana harusi asipate mke mwenye kichwa kinachouma. Mikono aliyozaliwa nayo ilikwenda na mashine ya kukoboa mpunga kule Kyela. Hii alifungwa hospitalini, hapahapa Mbeya Mpya, na kwa miaka sita ilimlisha yeye na binti yake.

Akili ya mikono hiyo haikukaa mikononi. Ilikaa chini ya hospitali, kwenye kompyuta moja kubwa iliyobeba ndani yake mamia ya kompyuta zisizoshikika, zilizoitwa mashine-kivuli. Ifikirie nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana mlango wake na anajiona yuko peke yake. Kila mwenye mkono, mguu au jicho la bandia alikuwa na kivuli chake humo, kikijifunza tabia zake siku hadi siku. Jukwaa lililogawa vyumba liliitwa Orvanta, mali ya kampuni ya ng'ambo yenye jina hilohilo.

Mwanzoni Orvanta walilitoa bure. Tukapiga vigelegele, tukawavisha mashada, mkataba ukatiwa saini pilau likiwa mezani, na nani asome vifungu chakula kikipoa? Wakasubiri mpaka hospitali isiweze kusimama bila wao, kisha wakapandisha leseni mara nne. Tena wakabadili na kipimo. Zamani walihesabu kompyuta. Sasa wakahesabu vidole. Kila kidole kinachojikunja, kilipiwe! Jamani, kuna watu hawana haya.

Mwangalizi wa vivuli hivyo alikuwa Injinia Tumpe Mwasomola, mwanamke mpole ambaye siku hizo upole ulimtoka. Alitaka kuhamia Huria, jukwaa lililoandikwa na vyuo vyetu, lisilo na leseni. Alilijaribu, likabeba vivuli vyote bila shida. Kitu kimoja tu kiligoma kuhama: yale ambayo vivuli vilijifunza. Hayo yalikuwa yamefungwa kwa kufuli la Orvanta.

Akamwita wakala wao, Bwana Lutengano, kijana wa Tukuyu aliyevaa suti nyepesi kwenye baridi ya Julai.

"Mikono ni ya mgonjwa," wakala alieleza. "Ujuzi ni wa jukwaa. Kifungu kipo, dada, na mlisaini."

"Orvanta wamewahi kusuka nywele?"

Lutengano alitabasamu na kufunga mkoba wake.

Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Ambakisye, alipiga hesabu akashika kichwa. Wakilipa, fungu la viungo vipya linakwisha, na wanaosubiri mikono wataendelea kulishwa kama vichanga. Wakihama, wenye mikono wataamka na mikono isiyojua kitu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alisema, kisha akamsukumia Tumpe karatasi ya uamuzi wa kuhama atie saini yeye. Huyo ndiye mkurugenzi wetu. Tumpe alikataa kusaini kabla ya kuwauliza wenye mikono.

Wengi walikubali shingo upande. Wengine walilia mbele yake. Tumpe alimwacha Subilaga wa mwisho, kwa sababu alimwogopa.

Na kweli Subilaga alimfukuza saluni, akamwita msaliti mbele ya wateja. Tumpe akabaki mlangoni. Baadaye Subilaga alikaa chini akaanza kusimulia jinsi alivyoifundisha mikono ile kwenye kichwa cha binti yake mwenyewe, mtoto akilia, naye akilia, kesho yake wanaanza tena. Hakuna mtu wa Orvanta aliyekuja hata kufuta machozi. Mwishowe aliuliza ni akina nani wanaosubiri mikono. Tumpe akamwambia habari za mama mmoja mwenye mapacha wanaonyonya, ambaye hajawahi kuwabeba.

Vidole vya Subilaga vilichambua uzi vyenyewe.

"Niwafundishie mikono, halafu wanikodishe?" alisema. "Zima, mdogo wangu. Wakibaki na ujuzi wangu, wasuke wao."

Walizima saa nne asubuhi. Mikono ya Subilaga ilianguka mapajani. Ilipoamka chini ya Huria, vidole vilifunguka na kufumba ovyo, na alipojaribu kushika kitana, kiliruka mpaka barabarani. Wiki haikuisha wateja wakawa wamehamia kwa jirani, na binti yake ndiye aliyemlisha.

Hospitali ikafanya sherehe. Ikasifiwa magazetini kwa kuokoa fedha za umma, na Subilaga akaalikwa aje atoe shukrani. Alicheka mpaka akakohoa. Hakwenda.

Tumpe naye hakwenda. Alikwenda saluni, akavua kilemba, akakaa kwenye kigoda.

"Nitakuumiza," Subilaga alimwonya.

"Najua, dada. Suka."

Akaanza na twende kilioni, mtindo ambao hata watoto wa kike husukana wakicheza. Mchana kutwa vidole vilivuta, vikaachia, vikang'oa. Tumpe alitoa machozi na hakuinuka. Mistari ilitoka imepinda, na utosini fungu moja likabaki limesimama.

Kesho yake aliitwa baraza la jiji apewe cheti cha pongezi. Aliingia na kichwa kile kile, bila kilemba, kamera zikimtazama. Mkurugenzi alimvuta kando kwa aibu akamuuliza ni nani aliyemharibu kichwa namna ile siku kama hiyo.

"Orvanta," Tumpe alimjibu, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, akaenda kukaa.