Mwenye Damu ya Mabula

Damu ilishikana vipunje vipunje kabla Violeth hajaidondoshea dawa ya kupimia kundi la damu. Akadhani kigae cha kupimia ni kichafu. Akachukua kingine, akaichanganya na maji ya chumvi tu, na bado ikashikana.

Ilikuwa damu ya kaka yake, Mabula, mchimbaji wa dhahabu katika maduara, yale mashimo marefu ya Segese. Aliletwa hospitali asubuhi ile macho ya njano, vidole vya buluu, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Bila kuongezwa damu asingefika jioni.

"Ni kingamwili zake," Daktari Stanslaus alisema. "Damu ikipoa, zinazikamata seli zake mwenyewe. Ipashe joto uone."

Violeth akakibana kichupa kwapani. Vipunje vikayeyuka, akashusha pumzi. Hapo ndipo iliponuka harufu ya maji yaliyolala shimoni, na maabara ilikuwa kavu, madirisha yamefungwa.

Wodini, mama yao Mageni alimvuta pembeni.

"Duara lao lilijaa maji," alinong'ona. "Wenzake walitaka kwanza kuku wa kumtolea mwenye maji, pepo wa shimo, ndipo wawashe pampu. Kuku hakupatikana. Kaka yako akajichanja kidole, akasema, chukua hii."

"Mayu, hayo ni mambo ya wachimbaji."

Violeth alimjibu mama yake hivyo kwa sababu ana cheti cha maabara ukutani, lakini alipoinama kumfunika Mabula blanketi la pili ile harufu ikampiga usoni, chuma cha kitanda kikamchoma kwa baridi saa sita mchana, na kifuani mwa kaka yake, midomo ikiwa imefumba kabisa, ikatoka sauti ya kizee iliyojaa maji.

"Alinipa mwenyewe. Msinichanganyie na ya wengine."

Violeth aliogopa.

"Mwache," alisema kwa shida. "Tafadhali, mwache."

"Nimwache niende wapi? Nje kuna baridi."

Mama ndiye aliyejibu, taratibu, akiwa ameushika mkono wa Mabula kwa mikono yote miwili.

"Njoo kwangu."

Damu ya kuongezwa ikapashwa joto kwenye mtambo wa daktari, ikaingia tone kwa tone, na mwili haukuikataa. Kesho yake Mabula aliomba michembe, vile viazi vilivyokaushwa, akalalamika kwamba ni michache. Daktari akausifu ule mtambo wake wa kupashia damu joto, na nani angembishia? Violeth alicheka na kulia kwa pamoja, akaenda kumtafuta mama ampe habari.

Alimkuta uani, katikati ya jua kali, amejifunga vitenge vitatu na anatetemeka. Violeth akamshika mikono. Vidole vilikuwa vya buluu mpaka kwenye viganja.

"Mayu, twende ndani. Twende kwa daktari."

"Niwashie moto tu, mwanangu," Mageni alisema, na pumzi yake ilinuka yale maji ya duara. "Na Mabula asijue."