Chumba Ndicho Kilichochagua Lenzi

Mgeni alibisha mara moja, akasukuma mlango. Mlango ukagonga kitu laini. Kitu hicho kikasema, "Aah."

Kilikuwa mgongo wa mpiga picha.

"Samahani, binti," alisema mgeni. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mkoba mdogo mweusi. "Namtafuta bibi anayeshona matundu ya vifungo."

"Umempata," sauti ilijibu kutoka dirishani. "Ingia, mwanangu. Mruke tu huyo mke mwenzangu. Tangu juzi amekaa hapo mlangoni kama kufuli."

"Mke mwenzangu" ndivyo Bibi alivyomtania mjukuu wake. Mjukuu huyo alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Alifanya kazi ya kutoa fotokopi. Miezi miwili iliyopita alinunua kamera ya dijitali iliyokwisha tumika, na tangu hapo alilala akiota picha.

"Shikamoo, bibi," alisema mgeni. "Mimi ni fundi wa miwani. Nimesikia unasafiri Jumamosi, nikaona nikuletee miwani yako mimi mwenyewe."

"Marahaba. Mungu akuzidishie."

Bibi alivaa miwani. Kwa miaka mingi dunia yake ilikuwa nyuma ya ukungu. Kisha madaktari walimtoa mtoto wa jicho. Ukungu ukaondoka, lakini vitu vya karibu viliendelea kuogelea. Sasa aliinua sindano mbele ya dirisha. Aliliona tundu lake. Uzi ulipita mara moja tu, polepole, kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Mjukuu aliinua kamera akapiga. Kisha akatazama kioo cha nyuma ya kamera na kushusha mabega. Picha ilikuwa nyeusi. Mikono ya Bibi ilikuwa kama moshi.

"Washa taa ya kamera," alisema fundi wa miwani.

"Inamsumbua macho. Nimemwahidi sitaiwasha." Sauti yake ilishuka. "Anahamia kwa mjomba. Hatarudi kwenye chumba hiki. Nimemwahidi picha moja, hapa hapa, kwa mwanga wa asubuhi, na mikono yake ionekane. Mikono hii ndiyo iliyonilea."

Fundi wa miwani aliketi ukingoni mwa kitanda. "Hebu nione. Lenzi na miwani ni mtu na binamu yake."

Aligeuza kamera. "Soma namba hizi hapa mbele."

"Tatu nukta tano, mpaka tano nukta sita."

"Hizo zinaonyesha tundu la lenzi linafunguka kiasi gani. Hili ni dogo. Mwanga unaingia kidogo kidogo, basi kamera inakaa jicho wazi muda mrefu ili ishibe. Mkono ukitikisika kidogo tu, unapata moshi. Tafuta lenzi iliyoandikwa moja nukta nane. Tundu lake ni kubwa zaidi."

"Lakini moja ni ndogo kuliko tano."

"Namba ndogo, tundu kubwa."

Mjukuu alikunja uso. Bibi akacheka.

"Kwani uzi je? Uzi wa arobaini ni mwembamba kuliko wa ishirini. Namba ikipanda, kitu kinakonda. Hili nalijua tangu sijamzaa mama yako."

"Bibi, njoo unisaidie dukani kwangu," alisema fundi.

Mjukuu alitabasamu, kisha akasema kwa aibu, "Mimi nilikuwa nimeweka akiba kwa ajili ya ile lenzi ndefu. Muuzaji anasema ukiwa nayo, watu wanajua mpiga picha amefika."

"Ile kubwa kama chupa ya chai? Hiyo ni ya kupiga ndege juu ya mti. Bibi yako ni ndege?"

"Zamani nilikuwa," alisema Bibi.

"Wewe unahitaji lenzi isiyovuta," fundi aliendelea. "Haina mambo mengi ndani, ndiyo maana nyingi zina bei nafuu na tundu kubwa. Ila miguu yako ndiyo itakayovuta. Ukitaka karibu, unasogea. Ukitaka pana, unarudi nyuma."

"Nyuma kuna mlango, mama. Umenigonga nao."

"Ndiyo maana tutakiuliza chumba." Fundi alitoa kipande cha utepe mkobani. "Lenzi yako inavuta. Pete yake ina namba; zikipanda, inavuta karibu zaidi. Iweke kwenye hamsini, uibandike utepe isisogee. Piga leo. Kesho iweke thelathini na tano, ubandike tena. Usijali giza. Angalia tu nini kinaingia kwenye picha. Chumba kitakuambia kinataka ipi, na hutalipa hata senti."

Siku ile mjukuu alipiga kwa hamsini. Alijibana mlangoni mpaka kitasa kikamchoma. Uso wa Bibi uliingia, mabega yakaingia. Mikono ilikatwa.

Kesho yake alibandika thelathini na tano. Alisimama pale pale. Uso uliingia, sindano ikaingia, hata ukingo wa dirisha.

"Chumba kimesema," alimwambia Bibi.

Ijumaa jioni alikwenda dukani. Muuzaji alimtolea hamsini. "Wengi wanaoanza wanachukua hii. Bei yake ni ya chini kabisa."

"Ni nzuri, lakini chumba cha bibi yangu kimeikataa."

Muuzaji alimtazama kama mtu anayesikia habari za majini. Kisha akaleta ya thelathini na tano iliyokwisha tumika, yenye maandishi ya moja nukta nane. Mjukuu alifanya kama fundi alivyomwelekeza. Aliinyanyua kwenye mwanga akatafuta nyuzi nyeupe za kuvu ndani ya kioo. Hazikuwepo. Aliifunga kwenye kamera yake mwenyewe, kwa sababu si kila lenzi inakaa kwenye kila kamera. Alisikiliza kama inajitafutia shabaha yenyewe. Ilijitafutia, kwa sauti ndogo kama ya mbu. Akainunua.

Akiwa njiani kurudi, simu ililia. Alikuwa mwenye duka la vitambaa, yule anayemletea Bibi nguo za kutia matundu ya vifungo.

"Binti yangu anaolewa kesho. Njoo saa kumi na mbili asubuhi, umpige picha akivalishwa mpaka saa mbili. Nitakulipa vizuri."

Moyo wake uliruka. Hakuwa amewahi kuitwa na mtu kwa kazi ya picha. Lakini jua liliingia chumbani kwa Bibi kuanzia saa moja mpaka saa moja na nusu tu, na saa mbili gari la mjomba lingefika.

"Naweza kuja saa tatu, baba."

"Saa tatu ana mpiga picha mwingine. Mimi nakutaka asubuhi."

Alisimama barabarani, kifurushi kifuani. Watu walimpita kama maji.

"Asubuhi nimeahidi mtu," alisema. "Nisamehe sana."

Jumamosi, saa moja, jua lilipanda juu ya paa la jirani likagusa goti la Bibi. Kisha mikono. Kisha miwani. Mjukuu aliweka mgongo mlangoni, akafungua tundu, akalenga jicho lililo karibu. Bibi alitia uzi kwenye sindano.

Kamera ilifumba na kufumbua mara moja.

Alimpelekea Bibi kioo cha kamera aone. Uso ulikuwa angavu, na uzi ulionekana kabisa. Nyuma, masanduku yaliyofungwa na ukuta wa siku zote vilikuwa vimeyeyuka kama ndoto.

"Huo ukungu wa nyuma," Bibi alisema taratibu, "ndivyo nilivyokuwa naiona dunia nzima. Sasa umerudi mahali pake."

Nje, honi ililia mapema. Mjomba alikuwa amewahi.

"Yule mwenye vitambaa alinipigia jana usiku, akasema umemkatalia kazi," alisema Bibi. "Alikutaka saa ngapi?"

"Saa hizi."

Bibi alichomoa uzi kwenye sindano, akaunyoosha vizuri kwa vidole, akaketi wima kuliko mwanzo.

Honi ililia tena.

"Mwache alie," alisema Bibi. "Jua bado lipo. Piga nyingine, mke mwenzangu."