Pikapu Iliyovuta Kushoto

Pikapu ilitaka kwenda kushoto, Anyosisye alitaka iende mbele. Ubishi huo ulikuwa umedumu wiki kadhaa, naye alikuwa ameumaliza kama wanavyoumaliza madereva wengi: unaushikilia usukani kulia kidogo, unaendelea na safari, na abiria akiuliza unamjibu, "Nimeshaizoea." Ukimsikia dereva akisema hivyo, omba kushuka.

Siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuomba kushuka. Nyuma, juu ya magunia ya mpunga, alilala Ngassa, mfugaji wa bonde la Momba, paja lake limefungwa kanga mbili. Asubuhi, alipokuwa akiwatoa maksai zizini, mmoja alimgeukia, na pembe ikamwingia juu ya goti ikapanda. Mkewe, Nyanzobe, ambaye watu walimwita Mama Kabula kwa jina la mwanawe, alikaa kando yake, kiganja kimelikandamiza jeraha. Kila gari liliporuka kwenye shimo, doa kwenye kanga ya juu lilipanuka. Hospitali ilikuwa Vwawa, kule milimani, na kabla ya kufika huko kulikuwa na mbuga, pori, na mpando mrefu unaowatenga watu wa joto na watu wa baridi.

Anyosisye alikuwa mtu wa baridi. Alilima kahawa Igamba, na bondeni alikuwa ameshuka kununua mpunga tu. Kwao wafugaji walisemwa vibaya kila ng'ombe walipoingia shambani, naye hakuwa wa mwisho kusema. Lakini Nyanzobe alipomjia mbio, mikono yote damu, hakuuliza habari za ng'ombe. Ilikuwa Oktoba ya mwaka 2003, bondeni hapakuwa na mtandao wa simu wala gari jingine. Akampakia mgonjwa juu ya mzigo wake, akawasha.

Sasa gari lilivuta kuliko siku zote, na dereva akaushika usukani kwa mikono miwili.

Kwanza aliilaumu barabara. Njia ya udongo huinama upande mmoja, na gari hufuata mwinamo. Akahamia kulia kabisa, ambako njia iliinama upande wa pili. Gari likavuta kushoto vilevile. Akasimama, akaruka chini, akayabonyeza matairi ya mbele kwa kidole gumba, kisha akayapiga teke. Yalikuwa na upepo sawa.

"Tumefika wapi?" Nyanzobe aliuliza kutoka juu.

"Bado tupo mbugani, Mama Kabula. Gari linavuta. Labda mzigo umeegemea upande mmoja."

Akapanda, akavuta gunia moja na jingine kuyapeleka kulia. Gunia la pili liliposogea, Ngassa akauma meno na jasho likamtoka usoni. Nyanzobe akamtazama dereva kama anavyotazamwa mtu aliyekanyaga mtoto.

"Wewe unatibu gari au unatibu mtu?"

"Gari likifa hapa, mama, na mtu hafiki."

Alisema kweli, lakini hakujisikia vizuri kuisema. Akashuka, akalitikisa gurudumu la kushoto kwa mikono miwili kuona kama kuna kiungo kilicholegea. Hakuna kilichocheza. Akarudi kwenye usukani akiwa hajui zaidi ya alivyojua mwanzo, huku damu ya mtu ikiendelea kutoka.

Baadaye kidogo alisikia harufu ya kuungua. Oktoba bondeni ni mwezi wa moto: wakulima wanachoma mashamba, wafugaji wanachoma nyasi ili zichipue, na mtu hunusa moshi tangu anapoamka. Anyosisye akapandisha kioo cha mlango, akaendelea. Hilo ndilo kosa lililowaponza.

Kwenye kona ya kuingilia mto aligusa breki. Gurudumu la kushoto likang'ata ghafla, usukani ukamponyoka, na pikapu ikaacha njia. Ilivunja vichaka, ikatumbukia mtaroni kwa pua na kusimama imeinama. Nyuma kulikuwa na kishindo.

"Mama Kabula!"

"Tupo," alijibu. Alikuwa amemlalia mumewe mwili mzima. Dumu la maji lilikuwa limepasuka, na maji yalikuwa yakichuruzika chini ya magunia, yakinywewa na mchanga. Akaliinua upesi, akaokoa yaliyobaki kwenye kona moja. Yangejaza kikombe, si zaidi.

"Nduhu tabu," Ngassa alisema kwa Kisukuma, kwamba hakuna tabu. "Bado nahesabiwa na walio hai."

Moshi mwembamba ulipanda kutoka kwenye gurudumu la kushoto. Hapakuwa na nyasi zinazoungua popote karibu. Anyosisye akautazama moshi ule, akajiona mjinga kuliko kitu chochote kilichowahi kushika usukani.

Ngassa aliuona naye, kichwa kikining'inia ukingoni mwa bodi. "Dereva, unajua kulima kwa plau?"

"Sisi tunalima kwa jembe la mkono, mzee."

"Plau ikivuta kushoto, usimchape maksai wa kulia. Huyo anatembea. Wa kushoto ndiye amegoma, na mwenzake anamzunguka." Akavuta pumzi. "Hilo gurudumu limegoma."

Anyosisye akakitemea mate chuma cha katikati ya gurudumu. Mate yalichemka. Nyanzobe akashuka na yale maji yaliyobaki kwenye dumu, tayari kumwaga, na dereva akamdaka mkono.

"Usimwage! Chuma cha moto kikipata maji baridi kinapasuka. Hayo mpe yeye, kidogo kidogo. Na tutahitaji mengine ya rejeta, mpando huu utalikausha gari."

"Mengine yapo," alisema akiutazama mto. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, umekauka kutoka ukingo hadi ukingo. Alimnywesha mumewe, akamkaza kanga kwa mkanda wa suruali ya Ngassa, akakiweka kiganja cha mumewe mwenyewe juu ya jeraha. "Kandamiza. Ukilala nakuja kukuamsha kwa kofi." Kisha akachukua sufuria iliyokuwa bodini na kuteremka.

Anyosisye alilala chali chini ya gari. Alikuwa amelinyanyua kwa jeki; akajaribu kulizungusha gurudumu la kushoto. Halikusogea hata kidogo. La kulia lilizunguka bila shida. Akatafuta spana, akailegeza nati ndogo inayotolea upepo nyuma ya breki. Mafuta yaliruka yakammwagikia kifuani, ya moto, na papo hapo gurudumu likaachia likazunguka.

Hapo akaelewa. Mpira unaopeleka mafuta ya breki ulikuwa umezeeka na kuvimba kwa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta yanaingia kwa nguvu. Ukiachia, hayapati njia ya kurudi. Breki inabaki imeshika, kama mgeni asiyejua kuaga. Kumbe wiki zote zile alikuwa akiendesha gari lililofungwa breki mguu mmoja, naye akijisifu kwa kulizoea. Aliona aibu peke yake kule chini, na aibu ile haikumsaidia kitu, kwa hiyo akaendelea na kazi.

Mpira mpya ulikuwa Tunduma. Hapa alikuwa na nyundo, koleo na jiwe. Angeweza kukata bomba la chuma linaloelekea gurudumu la kushoto, kulikunja na kulipondaponda hadi lizibe. Mafundi wa porini hufanya hivyo kila siku. Tabu ilikuwa kitakachofuata.

Nyanzobe alirudi amelowa mchanga hadi mabegani, kucha zimejaa tope. Sufuria ilikuwa na maji ya rangi ya chai. Alikuwa amechimba pale ng'ombe wanapochimbiwa maji, hadi mkono wake wote ukaishia shimoni. Akayachuja kwa ncha ya kitenge. Ngassa akakataa kunywa.

"Lipe gari kwanza. Likinywa hilo, mimi nimekunywa."

"Utakunywa nusu," Nyanzobe akamwambia, na akanywa nusu.

"Mama Kabula, nisikilize," Anyosisye akasema. "Nikiziba breki ya kushoto peke yake, gari litakwenda vizuri hadi nitakapokanyaga. Nikikanyaga tu, litavuta kulia. Kule juu, kulia ni korongo."

"Ukiziba zote mbili?"

"Litanyooka. Zitabaki za nyuma, nazo ni dhaifu. Likiamua kurudi nyuma na mzigo wa mtu juu yake, sijui kama zitalishika."

Nyanzobe alimtazama mumewe. Midomo ya Ngassa ilikuwa imepauka, na macho yalianza kukawia kurudi kila alipoyafumba. Hakukuwa na muda wa kumngoja mtu wa kuwasaidia.

"Ziba zote," alisema. "Kulisimamisha nitalisimamisha mimi."

Alizunguka kando ya mto, akachagua jiwe refu lenye upande bapa, la kukinga tairi, akalipima mikononi. Anyosisye alitaka kumcheka. Alipouona uso wake, akachukua nyundo.

Magunia yote yalibaki pale mtaroni isipokuwa manne ya kumlaza mgonjwa. Waliweka matawi chini ya matairi ya nyuma, na pikapu ikajinyofoa mtaroni ikiunguruma. Waliupita mchanga wa mto bila kusimama. Usukani ulitulia katikati ya mikono ya Anyosisye, mwepesi, mtiifu, na yeye alikuwa amesahau kwamba gari linaweza kuwa hivyo. Alitamani kufurahi. Pedali ya breki ilizama hadi sakafuni, ikabidi aipige mara mbili tatu ndipo ishike kidogo.

Kisha mlima ukaanza.

Alipanda kwa gia ya kwanza, polepole kama mtu anayetembea, na Nyanzobe alitembea kweli, akifuata gurudumu la nyuma la kushoto, amekumbatia jiwe lake tumboni. Vumbi lilimfunika. Jua lilimpiga utosini. Kila palipokuwa pakali zaidi alisogea karibu na tairi, akainama nusu, tayari. Njia ilipolegea alisimama wima, akachungulia ndani ya bodi.

"Ngassa!"

"Nipo."

"Taja ng'ombe."

Na Ngassa akataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na pembe, ili asilale. Mweusi mwenye baka. Mwekundu wa mama. Yule aliyekuja naye kutoka Shinyanga akiwa ndama. Anyosisye alisikiliza kupitia kidirisha kilichovunjika nyuma ya kichwa chake. Hakuwahi kujua kwamba wanajulikana mmoja mmoja. Bonde liliteremka upande wa kulia, kila kona mbali zaidi, na upepo ukaanza kuwa na ubaridi.

Kwenye kona kali kuliko zote injini ilikohoa ikazima.

Kwa kitambo gari lilisimama kama limening'inia hewani, halikwenda mbele wala nyuma. Kisha likaanza kurudi. Anyosisye alipiga pedali, ikazama. Akapiga tena, ikashika, ikaachia. Akavuta breki ya mkono hadi waya ukalia. Kwenye kioo aliona ukingo wa korongo ukija, na mwanamke akijitupa chini ya gari.

Pakatokea kishindo cha chuma na jiwe. Pikapu ilipanda kidogo, ikatikisika, ikatulia.

"Mama Kabula!"

"Washa," akasema kutoka nyuma ya tairi. "Washa uende. Nitakufuata."

Iliwaka mara ya tatu. Gari lilijivuta kutoka kwenye jiwe, likaimaliza kona, na baada ya kona ile mlima ukaanza kuchoka. Nyanzobe alipanda nyuma bila kusaidiwa, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kitenge, wa kushoto ameurudisha juu ya paja la mumewe. Hapo ndipo mabua makavu ya mahindi ya Igamba yalipotokea, na kahawa, na watoto waliokimbia kando ya njia wakipunga mikono. Anyosisye alipita nyumbani kwake bila kusimama. Mke wake aliyekuwa akipepeta nje aliliona gari, akaona damu iliyokaukia bodini, akaangusha ungo.

Walifika Vwawa jua likizama. Manesi wawili walikuja na machela.

"Mgonjwa yupi?"

Nyanzobe alionyesha kwa kidevu. Ngassa alishushwa akiwa bado anataja ng'ombe, sasa kwa Kisukuma, akirudia mmoja yuleyule. Alipopita mlangoni Nyanzobe akataka kumfuata, na Anyosisye akamzuia. Alishika kitenge kwa upole, akakifunua. Vidole viwili vilikuwa vimepondwa, na kimoja hakikuwa na umbo tena. Tangu ile kona alikuwa amelikandamiza jeraha la mumewe kwa mkono mmoja na kuubeba wa pili kama mzigo wa mtu mwingine.

"Wagonjwa ni wawili, sista," Anyosisye alisema, akamwonyesha mkono ule.

Daktari alimkuta Ngassa kwenye ukingo wa kifo, na akamrudisha. Paja lilishonwa, damu ikaongezwa. Kidole kimoja cha Nyanzobe hakikuokolewa.

Asubuhi Anyosisye alileta chupa ya uji, kikombe na kijiko kutoka kwa mama lishe wa nje. Ngassa alikuwa ameamka, dhaifu, mwenye macho safi. Nyanzobe alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kiwiko. Anyosisye alimmiminia uji. Nyanzobe alikitazama kikombe, akautazama mkono wake wa kushoto, akasema hana njaa. Kwao mtu hali kwa mkono huo, tena mbele ya wanaume wa wodi nzima.

"Mkono umefanya nini?" Ngassa akauliza.

"Jiwe."

Mumewe alimwangalia sana. Mtu huyu hakulia pembe ilipomwingia, wala mtaroni, wala mlimani. Sasa machozi yalimtoka hadi masikioni, na hakuyafuta.

Kisha akajiinua kwa kiwiko, uso ukikunjamana kwa maumivu, akanyoosha mkono apewe kikombe na kijiko. Mzee wa kitanda cha jirani aliacha kukohoa. Vijana wawili wa dirishani wakageuka kutazama mwanamume wa Kisukuma akimpozea mkewe uji kwa pumzi yake.

"Fungua mdomo, Nyanzobe," alisema. "Waache watazame."