Spika ya Kushoto

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa Mama Mkubwa na begi langu la vifaa. Alikuwa ameniita nikaitazame amplifaya ya marehemu Baba Mkubwa, aliyenifundisha ufundi.

"Spika ya kushoto ni bubu miaka yote hii," alisema. "Ya kulia nayo inafifia. Na humo ndimo ninamomsikia."

"Nani?"

"Mume wangu. Kila jioni ananiita."

Sikumcheka. Mtu akiishi peke yake miaka sita, hata mngurumo wa umeme huanza kuwa na sura. Nilimweleza taratibu: ndani mna kapasita, vikopo vidogo vya kutunza umeme. Vikizeeka hukauka, sauti hujaa mikwaruzo, na pengine upande mmoja huzimika.

"Haya, profesa," akasema, akitabasamu kidogo. "Tengeneza basi. Jana aliniambia nimfuate. Sikusikia vizuri ni wapi."

Hapo ndipo nilipoviona viatu vyake vya safari, vimepangwa karibu na mlango.

Niliwasha. Spika ya kulia ikanguruma... halafu, chini ya mngurumo, pumzi.

"Njoo..."

Nilizima. Mikono iliijua kazi yake. Nikabadilisha kapasita zote. Harufu ya lehemu ikajaa chumbani, na ndani yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa.

Nikawasha tena. Safi. Hakuna mngurumo hata chembe.

"Njoo," ikasema ya kulia, karibu kabisa.

Na ya kushoto, kwa sauti ileile, ikanong'ona haraka haraka:

"Usiende. Huyo si mimi."

Mama Mkubwa alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Amekuwa akisema hivyo tangu lini?"

Niliitazama ile spika iliyokuwa bubu. Labda tangu kapasita ya kwanza ilipokauka.

Nikachomoa waya ukutani. Kwa kapasita zile kuukuu, sauti ingekatika papo hapo. Mpya hutunza umeme vizuri. Taa nyekundu ikaendelea kuwaka, ikipungua polepole...

"Kidole."

Ni Baba Mkubwa peke yake aliyeniita hivyo, tangu siku nilipojiunguza kwa lehemu mezani pake. Hata mkewe hakulijua jina hilo.

Lilitoka spika ya kulia.

Taa ikazimika. Gizani nilimsikia Mama Mkubwa akifunga kamba za viatu, bila haraka.

Nilitaka kumzuia. Sikujua nimzuie kwa neno la nani.