Ngoma ya Kufunika Kilio

Kila Jumamosi, akishafua sare, Chapuo alikwenda kanisani kuanika ngoma juani ili ngozi ikaze. Jina hilo, la ngoma ndogo, alipewa na wanakwaya wenzake, maana vidole vyake havikutulia hata mezani.

Siku hiyo kwaya haikuwepo. Walikuwepo Walinzi wa Madhabahu, vijana wa kanisa hilohilo waliojipa kazi ya kuwinda mapepo. Kiongozi wao, mchomeleaji wa mageti, alikuwa na waya wa umeme mkononi. Katika chumba cha nyuma walikuwa wamemfunga kamba rafiki yake Chapuo, Kicheko, binti wa mshonaji. Asubuhi alianguka kifafa njiani, wakambeba juujuu.

"Chapuo, piga ngoma," mchomeleaji alisema. "Pepo huyu ana kelele, watu wasisikie."

"Lakini kaka, yule ni mgonjwa tu."

"Umekuwa daktari lini wewe? Piga!"

Chapuo akapiga. Kila waya ulipotua mgongoni mwa Kicheko, ngoma ilimeza kilio. Nje, wapita njia walitikisa vichwa kwa mdundo. "Leo kwaya imepamba moto!" mmoja alisema, akacheza kidogo, akaenda zake.

Mara sauti ikapenya ukutani: "Chapuo! Niitie mama!"

Chapuo akaondoa mikono kwenye ngozi. Ngoma ikanyamaza, na kilio kikatoka hadi barabarani.

Mchomeleaji akaja mbio, akamzaba kofi lililompasua mdomo. "Nani kakuambia uache?"

Chapuo akatema damu, akapiga yowe. Mama yake Chapuo alikuwa kwenye foleni ya maji ng'ambo ya barabara. Alivuka na ndoo yake. Waya ulimchana shingo, naye akamtwanga mchomeleaji kwa ndoo mpaka akapiga magoti. Wanawake wenzake wakavunja mlango wa nyuma. Jamani! Kicheko alikuwa hajitambui, mgongo wote damu, mkono umevunjika.

Walipotoka kumlaza hospitali, mzee wa kanisa aliwangoja mlangoni kwao.

"Mama Chapuo, haya ni ya ndani. Wale ni watoto wetu. Ukienda polisi utalichafua kanisa. Tufunge, tuombe."

"Tutaomba, baba. Lakini kwanza naenda kituoni. Unakuja au unabaki?"

Mzee alibaki.

"Mama, mimi ndiye niliyepiga ngoma," Chapuo alisema. "Si watanifunga?"

"Utasema yote, na la ngoma pia. Nipo nawe."

Alisema yote. Walinzi wanne walikamatwa, na mchungaji naye akaitwa aeleze kwa nini aliwaachia chumba. Kicheko alizinduka siku ya pili. Alitoka hospitali na plasta mkononi na vidonge vya kifafa, ambavyo humeza kila siku.

Lakini kwaya ilimnunia Chapuo. "Wanasema nimewauza watu wetu," alilalamika.

Mama yake aliacha kufua. "Sikia, mwanangu. Mtu akianguka kifafa, mlaze ubavu, usimfunge, kisha apelekwe hospitali. Na hao Walinzi, wangekuwa wa dini nyingine, kanisa zima lingekuwa barabarani likipiga kelele. Kwa kuwa ni wetu, tunaambiwa tufunge mlango. Usikubali hata siku moja! Anayempiga mtu kwa jina la Yesu, sisi tunaoliita jina hilo ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kumzuia."