Kufuli Letu Kwenye Ubao wa Zamu

Kwa jina la Mola, Mwenye kusitiri aibu za waja wake na kuzifichua dhuluma zao. Wasomaji wangu, nisomeni kwa utulivu, kisha mnihukumu!

Niliusukuma mlango wa chumba cha kufulia... nikamkuta mume wangu ameinama mbele ya binti wa watu, akimpa leso yake!

Lakini kwanza niwapange watu kwa nafasi zao. Mimi ni Gunvor, mkazi wa Borås, Uswidi. Mume wangu ni Torsten. Kaka yangu Rune anakaa ghorofa ya pili ya jengo letu hilo hilo. Binti ni Tuva, jirani wa ghorofa ya nne.

Chumba cha kufulia ni kimoja, chini kabisa ya jengo. Kila nyumba ina kufuli lake dogo lenye jina. Ukitaka zamu, unalitundika kwenye ubao wa zamu ukutani, penye saa yako, na kila apitaye analisoma.

Majuma matatu nililiona kufuli letu kwenye saa ambazo mimi sikuzishika. Na kila mara, Tuva ndiye aliyepanda ngazi na kapu la nguo!

Aliyechochea moto ni Rune.

“Dada, we umelala! Tangu lini Torsten akajua kufua?”

“Labda ameamua kunisaidia.”

“Akusaidie! Mtu hata soksi zake hajui zilipo? Niambie saa tu, tukawafumanie.”

Wivu ulikuwa umenipanda kichwani. Nikamwambia saa niliyoliona kufuli letu: Jumamosi, saa nne asubuhi.

Tukashuka, mimi mbele, yeye nyuma.

“Torsten! Kumbe ndiko kufua kwenyewe huku?”

“Gunvor, shusha sauti, tafadhali...”

“Nishushe? Na wewe binti, wanaume wa mji mzima wamekwisha?”

Tuva alitazama nyuma ya bega langu, akapiga ukelele, akajibana nyuma ya mashine!

Torsten akasimama kati yetu.

“Umemleta huyu?”

“Ni kaka yangu!”

“Ndiye aliyembaka, Gunvor. Mara tatu, humu humu. Alikuwa akisoma jina lake ubaoni, akija kumvizia. Ndiyo maana nikamtundikia kufuli letu, nikawa nakaa naye humu. Aliniapisha nisikwambie, kwa kuwa ni nduguyo.”

Jamani... Saa ile niliitoa mimi, kwa kinywa changu!

Rune akacheka. “Nchi hii? Mwanamke ana kila haki hapa! Kama ni kweli, mbona hakwenda polisi?”

Tuva akasema kwa sauti ndogo, “Kwa sababu wote wangeniuliza hivyo hivyo.”

Nilimshika mkono, nikampitisha mbele ya kaka yangu, tukaenda polisi siku ile ile. Polisi wa kwetu huandika kila tukio peke yake: mara tatu, mashtaka matatu. Nami nikatoa ushahidi juu ya ndugu yangu wa damu. Mama hapokei simu yangu hadi leo.

Ndugu zangu, watu huzishangaa hesabu za ubakaji za nchi hii ya usawa, jinsi zilivyo kubwa. Miongoni mwa hizo, tatu ni za Tuva, na wivu wangu nusura uziongezee ya nne.

Mola awape stara na ujasiri wote ambao bado wamenyamaza, na sisi tuliobaki atujaalie kuwaamini. Amin.