Namba Iliyobadilishwa kwa Mkono

— Funga mlango kwanza, tafadhali.

Kimya hakuufunga. Alisimama palepale mlangoni mwa chumba cha mitambo, mkoba begani, akimtazama mwanaume aliyewahi kumvalisha pete, ambaye sasa jasho lilikuwa limemfika kwenye kola. Kazini walimwita Mstaarabu, kwa jinsi alivyojua kuongea na wakubwa.

Akaeleza kwa sauti ya chini. Kampuni ilikuwa na toleo jipya la kifaa cha kupima mapigo ya moyo ya wagonjwa, na wanunuzi kutoka hospitali walikuwa njiani. Mwaka mzima walikuwa wakitumia programu aliyoiacha Kimya imeshajengwa. Kifaa kipya kilitaka ijengwe upya, nayo ikagoma. Kila akijaribu, kioo kinajaa makosa.

— Makosa yaleyale, akamalizia.

— Yaleyale yapi?

Mstaarabu akaangalia viatu vyake.

Yale ya mwaka jana. Siku ile programu ilipokataa kujengeka mbele ya mkurugenzi, Kimya aliomba muda achunguze. Mchumba wake akasimama mbele ya watu akasema kazi ya huyu dada ni ya ovyo, na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akimfichia makosa kwa huruma. Kimya alifukuzwa siku hiyohiyo. Wiki haijaisha, akapata ujumbe: "Nyumbani wanaona hatuendani. Nisamehe." Baadaye akasikia Mstaarabu kamchumbia binti wa mkurugenzi. Alilia mpaka mama yake akamficha simu. Machozi yalipokauka ikabaki hasira, na hiyo hakutaka imtoke. Ndiyo iliyomleta leo.

— Ukinitoa hapa narudi kwako, Mstaarabu alinong'ona. Huyu binti ni wa mambo ya kazi tu. Unajua moyo wangu uko wapi.

— Sifanyi kazi ya kujificha, alijibu Kimya. Waite wenzako.

Hakukuwa na haja. Mkurugenzi alikuwa anaingia, nyuma yake binti yake, mhandisi wa umeme. Kama binti alikuwa amesikia, uso wake haukusema.

Kimya alivuta kiti. Aliwaeleza kwamba kila kompyuta ina kiini cha mfumo wake, sehemu inayoiendesha mashine, na programu kama hii hujengwa kwa kufuata msimbo, yaani maelekezo yaliyoandikwa, wa kiini hichohicho. Ukiipa msimbo wa kiini kingine, ni kama kumshonea mtu nguo kwa vipimo vya jirani yake. Haitamwingia hata ukivuta.

Akaiuliza kompyuta inatumia kiini gani. Ikajibu namba. Akatazama namba ya msimbo. Zilifanana.

— Si unaona? Mstaarabu akashusha pumzi. Tatizo ni programu yako.

Kimya alifungua msimbo wenyewe, akapitisha macho, akacheka kidogo. Msimbo ulikuwa wa kiini cha zamani. Kilichobadilishwa ni namba tu pale juu, kwa mkono, ili mtu asigundue haraka. Kompyuta ilikuwa imehifadhi tarehe na akaunti iliyobadilisha. Tarehe ilikuwa ya siku moja kabla ya Kimya kufukuzwa.

Binti wa mkurugenzi aliinama akasoma jina la akaunti. Akasoma tena.

— Hili si jina lako?

— Mimi nilikopi tu folda kutoka mashine ya zamani, Mstaarabu akaanza. Nilidhani iliondolewa zamani. Sikujua kama bado...

— Kama bado nini?

Mstaarabu akamgeukia mkurugenzi, kana kwamba wanawake wale wawili hawamo chumbani.

— Mzee, mwaka jana ulikuwa unataka kumpa Kimya uongozi wa kitengo. Ningebaki chini ya mke wangu. Mwanaume gani angekubali?

Binti alivua pete taratibu, akamtia Mstaarabu kiganjani.

— Nenda nayo. Mimi si ni wa mambo ya kazi tu.

Simu ya mkurugenzi iliita. Wageni walikuwa getini.

— Mwanangu, alimwambia Kimya kwa unyenyekevu ambao Kimya hakuwahi kumwona nao, tumalizie hii, mengine tutaongea baadaye.

— Mwaka jana niliomba muda, mzee, nikanyimwa. Leo wataitwa wafanyakazi wote, waambiwe ukweli. Na yeye atoke kwa mlango wa mbele, wageni wakiwa wanaingia.

Mkurugenzi alimtazama binti yake. Binti akaitikia kwa kichwa.

Wafanyakazi waliitwa, wakaambiwa. Mstaarabu akapita katikati yao na boksi lake, akapishana na wageni ngazini, mmoja wao akimsalimia kwa heshima bila kujua. Kimya alisimama dirishani akamtazama mpaka alipopotea. Hakutaka kupitwa na hata hatua moja.

Ndipo akaketi. Alifuta msimbo wa uongo, akapakua ule unaolingana na kiini cha mashine, akasafisha mabaki ya majaribio ya Mstaarabu, akaijenga upya. Mistari ikapita kiooni bila kosa hata moja. Pembeni, kifaa kikaanza kuonyesha mapigo ya moyo wa binti wa mkurugenzi, aliyejitolea kidole chake, na yalikuwa yanakwenda mbio.

Kimya alipotoka nje jioni, alikuta ujumbe wa Mstaarabu. "Umenimaliza. Umefurahi sasa?"

Alisimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku, akaandika neno moja.

"Sana."